Fundi na Tela la Afisa

Fundi wa misheni pale Rangwi hagusi umeme kwa pupa: kwanza hunusa fyuzi, hufuta vidole kwenye kaptula, kisha huguna. Afisa Fanueli, aliyekuja na tela lake la kulala safarini kukifundisha kijiji cha ujamaa faida za umeme, alikuwa gizani siku ya pili. Alikwisha kumweleza fundi kwamba betri imekufa, dinamo imeungua, na huenda hata kiwanda kilikosea. Nyaya alizozichomoa kwa utaalamu wake mwenyewe zilining'inia kama matumbo ya mbuzi, na wanafunzi wake watu wazima walizitazama kwa heshima.

Fundi akainama chini ya kitanda, mkono ukatua kwenye swichi kuu, ile ambayo Fanueli mwenyewe aliizima Lushoto ili betri isiishe njiani. Masikio yakamwaka moto Fanueli. Lakini fundi alikwisha kumwamkia shikamoo, sasa angemwaibishaje mbele za watu? Akarudisha nyaya moja moja, akasugua hata zilizokuwa safi, ndipo akaisukuma swichi kwa kiwiko, huku akikohoa ili mlio usisikike. Taa ikawaka.

"Tatizo lilikuwa kubwa, mzee," akatangaza.

"Kubwa mno," Fanueli akakubali.

Mama mmoja akauliza lilikuwa tatizo gani. Fundi akafunga mkoba wake upesi.

"Hilo mzee atawaeleza mwenyewe. Ndilo somo lake."