Popote Mtakaponiweka

Mama yangu, Tukinem, ameuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa mpaka ikashikana, katika soko la Klaten miaka arobaini na sita, na miaka yote hiyo sijamsikia akisema anataka kitu. Umuulize chai au maji, atakwambia chochote. Kuku au samaki? Mtakachokula nyie. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wajava: mwenye adabu hasemi, anangoja aeleweke. Basi mwaka jana alipoteleza kisimani akavunjika mkono, mimi na kaka yangu Giyanto tulikubaliana kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Likabaki swali moja tu: ahamie mji gani?

"Popote mtakaponiweka," akasema Mama, huku anachambua soya kwa mkono mmoja.

Popote! Neno lile lingekuwa na shavu ningelizaba kofi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu Salatiga, saa moja na nusu tu kutoka kwake. Giyanto yuko Bekasi, kule ubavuni mwa Jakarta, saa saba kwa basi siku isiyo na foleni, na siku hiyo sijaiona. Nikachukua karatasi nikaipa kila mji alama: hospitali, hewa, mafuriko, soko, ukaribu wa msikiti. Salatiga ikapata arobaini na moja. Bekasi ishirini na mbili, na hapo nimeihurumia. Ili nisionekane navutia kwangu, nikaongeza Tegal, mji ulio katikati yetu, ambako hatujuani hata na paka. Ukapata thelathini na tatu.

Nilitaka Salatiga ishinde. Nalisema leo kwa kuwa halina faida tena. Chumba cha nyuma nilikuwa nimeshakipaka chokaa, nimenunua na sufuria kubwa ya kuchemshia soya. Lakini kumwambia mzazi "njoo ukae kwangu" kaka mkubwa yupo? Ng'o. Ningeonekana nampokonya kaka, tena namburuta Mama. Nikamwekea karatasi mapajani.

"Mama, chagua mwenyewe. Mimi popote ni sawa."

"Na mimi vilevile, mwanangu."

Tukaenda hivyo miezi minne, simu kila Jumapili. Giyanto anasema muulize Mama, Mama anasema muulizeni Giyanto. Giyanto ananirudia: "Tutik, we unaonaje?" Na mimi, mjinga kuliko wote, najibu kwamba nawafuata wao. Nikikata simu naitupa kitandani.

Idi ikatukutanisha Klaten. Giyanto alikuja na mkewe, Masniari, Mbatak wa Sumatra, ambaye akisalimia jikoni majirani wanaitikia. Tumemsengenya sana kwa sauti ile. Tukiwa kwenye chakula nikaitoa tena karatasi yangu.

"Wifi, hiyo nayo nini?" akauliza Masniari.

"Alama za miji. Ili Mama achague vizuri."

"Alama! Mnamtafutia Mama makazi au mnanunua pikipiki? Na we mwenyewe unataka akae wapi?"

"Mimi popote tu."

"Mficha uchi hazai, wifi." Akamgeukia Mama, wali ungali shavuni. "Mama, mie huku kuzungukana kwenu sikuwezi. Nakutaka kwangu. Nyumba ina joto, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka sebuleni, na huyu mwanao anakoroma kama mashine ya kukoboa. Lakini nakutaka. Unakuja, huji?"

Niliinamisha uso kwa aibu. Mtu mzima anaulizwa hivyo, mbele ya watu, kama anaitwa kwenye foleni? Nikangoja lile popote lake.

"Nakuja," akasema Mama.

Giyanto akaacha kutafuna.

Nilimfuata Mama jikoni, nimefura. "Bekasi, Mama? Alama ishirini na mbili! Kwa joto lile tempe yako itaoza kabla haijashikana. Miezi minne nakuuliza, kumbe jibu unalo!"

"Sikuwa nalo." Alikuwa anasuuza mwiko kwa mkono wake mzima. "Karatasi yako niliisoma, Tutik. Hospitali nikaziona, mafuriko nikayaona. Nikaigeuza na nyuma, nikatafuta ulipoandika kwamba unanitaka."

"Mama, hilo si unalijua!"

"Nitalijuaje? Kwa mtu huhamii kwa kubahatisha."

Chumba kilikuwa tayari. Sufuria ilikuwa bado na karatasi ya dukani. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili, Mama naye amesimama pale, mwiko mkononi, maji yanachuruzika kwenye kanga yake. Nikafungua mdomo.

"Basi, Mama," nikasema. "Popote utakapopata raha."

Akageuka akauanika mwiko.