Kifurushi Kilichosema Njiani

Mtaa mzima ulimwita Mama Pini. Ukimsalimia akiwa kazini aliitikia puani tu, maana midomo yake ilikuwa imebana pini, kama walivyofanya mafundi wa zamani. Waliomletea kikopo cha kuwekea pini waliambulia kicheko. "Kikopo kinapotea," alisema. "Mdomo wangu najua ulipo."

Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani ya miguu, benchi la wateja, na simu ndogo juu ya meza ya kukatia. Macho yake yalikwisha kuliwa na uzi. Maandishi ya simu aliyaona kama sisimizi wanaotambaa. Kwa hiyo simu ikilia ujumbe, aliyekaa karibu nayo alisema, "Nikusomee?", yeye akaguna, na ujumbe ukasomwa kwa sauti.

"Mama Pini, umeshinda gari!"

"Chukua wewe. Mimi pedali ninayo."

Benchi lile lilijua mambo yake yote, isipokuwa moja. Binti yake wa pekee alikuwa amemkimbia mumewe. Mkwe huyo mbele za watu alikuwa maji ya mtungini, ya kutulia. Nyumbani alimvunja binti mkono wa kushoto, na mfupa ukaunga vibaya. Binti akatorokea nchi ya mbali, kwenye mji ambao jina lake alimtajia mama yake kwa kunong'ona. Alipiga mwenyewe, kwa simu za kuazima, pale alipopata nafasi.

"Mama, akijua nilipo nimekwisha. Usimwambie hata ukuta."

Hakumwambia hata ukuta. Ila baridi ya kule ilimuuma yeye huku, kama ijuavyo baridi kuwauma akina mama. Akasema atashona koti alitume. Binti akakataa, akakataa tena, kisha akauliza litakuwa la rangi gani.

Vipimo alivitoa kichwani. Mkono wa kushoto akaupunguza kidogo. Akalifunga koti kwa turubai, akalishona pande zote mishono miwili miwili, akivuta uzi mpaka vidole vikauma. Sasa nani angechungulia?

Posta, karani akamwuliza namba ya simu.

"Ya nini tena, mwanangu?"

"Mzigo wa nje siku hizi unafuatiliwa, mama. Kila unapofika unaletewa ujumbe: uko ofisi ipi, unamsubiri nani. Ni kwa usalama wako."

"Na kama sitaki kujua?"

Karani akacheka. "Utume mzigo halafu hutaki kujua umefika? Bila namba mashine haipokei."

Akaitaja.

Mkwe naye hakuacha kupita. Shikamoo mama, macho chini, suruali ya kupindwa. "Bado hujapata habari zake?"

"Sina, baba."

Siku moja alisimama kando ya meza, amevaa suruali mpya, na Mama Pini amepiga magoti miguuni pake akiupima upindo. Simu ikalia.

"Nikusomee, mama?"

Mama Pini akaguna. Alitaka kusema hapana. Lakini miaka yote mguno huo ndio uliokuwa ndiyo, na mkwe alishaichukua simu. Akatema pini kwa haraka, moja ikamchoma ulimi. Alipoinuka, macho ya mkwe yalikuwa yameganda kwenye kioo, midomo ikicheza bila sauti.

"Wale wa bahati nasibu," akasema taratibu.

Akairudisha simu palepale ilipokuwa, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka. Pini zilikuwa bado kwenye upindo.

Jirani yake muuza mkaa ndiye aliyemsomea. Kifurushi kimefika. Jina la mji. Jina la posta. Anayesubiriwa kukichukua: jina la binti, kamili.

"Kumbe ana makao mazuri huko! Hongera, Mama Pini!"

Akakimbia posta, mkono mmoja ukishika gauni lisimkwaze. "Kirudisheni."

"Kimeshafika, mama. Kipo mikononi mwa wenzetu."

"Basi ufuteni huo ujumbe."

"Ukishasomwa umesomwa. Kwani si uliletewa wewe mwenyewe?"

Polisi wakamwuliza kosa ni lipi, mtu kusoma simu aliyoachiwa asome? Nyumbani kwa mkwe akakuta kufuli, na watoto wa jirani wakamwambia amesafiri na begi. Namba za zile simu za kuazima alizipigisha zote. Moja tu iliitika, sauti ya mwanamume, lugha asiyoijua. Akalitaja jina la binti yake mara nyingi, mpaka yule mtu akakata.

Sasa amerudi kwenye cherehani, kwa sababu hana pengine pa kukaa. Kule, asubuhi moja, binti atatoka mafichoni kwenda kaunta kufuata koti. Mlangoni anaweza kusimama mtu yeyote.

Simu ikalia. Muuza mkaa akanyoosha mkono.

"Nikusomee?"

Safari hii hakuwa na pini mdomoni. Tangu siku ile hakuweka tena. "Iache," akasema.

"Labda wamekwishampa mzigo wake!"

"Nimesema iache, baba."

Akakanyaga pedali. Sindano ikapanda na kushuka juu ya kitambaa. Uzi ulikwisha kukatika zamani, na pale benchini hakuna aliyethubutu kumwambia.