Rangi ya Kwanza ya Gari la Baba

Gunvor Hedlund na kaka yake Sture walikuwa na gereji moja nje kidogo ya mji wa Sundsvall, Uswidi, kila mtu na upande wake. Sture alikuwa fundi wa kupiga rangi. Gunvor hakupiga rangi. Kazi yake ilikuwa kuifufua ile iliyokuwapo. Alitoa lami na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kisha akang'arisha taratibu kwa mashine na polishi, mikwaruzo ikapotea na rangi ikabaki. Wateja wengi walimpenda Sture, maana kwake gari liliingia limechakaa likatoka jipya.

"Wewe dada unauguza magari," Sture alimtania. "Mimi nayazaa upya."

"Unayazika," Gunvor alimjibu. "Ukishapiga msasa, rangi ya kiwandani hairudi tena."

Baba yao alipofariki aliacha Volvo ya kijani, gari aliloendea msituni kukata miti karibu maisha yake yote. Gunvor akalichukua. Majira yote ya baridi, kazi za wateja zikiisha, alikuwa juu ya gari hilo. Kijani kilichopauka kama maji ya sabuni kikaanza kurudi. Mahali pamoja tu hakupapitisha mashine: kwenye mlango wa dereva, chini ya dirisha, ambapo kiwiko cha baba kilikuwa kikiegemea miaka nenda rudi mpaka rangi ikalika. Alipafuta kwa kitambaa, akapaacha.

Mwezi wa nne alifanyiwa upasuaji wa mkono. Mtetemo wa mashine ulikuwa umemharibia mishipa ya fahamu. Aliporudi gereji alimkuta mama yao, Ingegerd, amekaa kwenye kiti na kahawa yake, amevaa koti la kanisani. Gari lilikuwa mbele yake, linawaka kijani mwanzo mwisho.

"Nilitaka ukute kazi imekwisha," Sture alisema. "Kwa mkono huo ungemaliza lini?"

Gunvor akaenda kwenye mlango wa dereva, akapitisha kidole chini ya dirisha. Palikuwa laini kama sahani.

"Ulipiga msasa gari zima?"

"Sasa ningepaka juu ya uchakavu?"

"Kama siku ile baba yenu alipolileta nyumbani," mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Mshukuru kaka yako, mwanangu."

Gunvor akasema ahsante, kwa ajili ya mama. Akala na andazi la iliki alilopewa.

Hakugombana na mtu. Wiki hiyo hiyo alibeba mashine zake akahamia mji wa Umeå, akaajiriwa bandarini kubandua plastiki za kukinga rangi kwenye magari mapya. Mkono haukupona vizuri. Sture alipiga simu mara kadhaa bila kuelewa alichokosa, kisha akaanza kusimulia watu kwamba dada yake ana wivu. Wakamwamini, kwa kuwa gari kweli lilipendeza. Mama alitembezwa nalo kila Jumapili hadi alipofariki.

Siku ya mazishi Sture alimfungulia dada yake mlango wa mbele wa Volvo. Gunvor akasema atatembea. Mvua ilikuwa inanyesha.