Chuma cha Kwao Mama

Juzi, ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, kijana mwenye mashine ya kutafuta vyuma alifukua pete kubwa nene ya chuma, iliyo wazi upande mmoja. Akaniuliza kama ni ya kufungia mtumbwi. Nikasikia tena harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Nilikuwa mtoto, tukianika ndagala mchangani, nilipookota pete kama ile. Nilimpelekea nyanya, mama yake baba. Aliigeuza mkononi, akanivisha shingoni.

"Hii iko ya kwabo mama yako," alisema. "Umupelekee."

Bamama waliokuwa pale walicheka mpaka wakashika viuno. Mimi nilidhani tumepata urithi. Nikakimbia nikiimba hadi jikoni.

"Mama, nyanya anasema hii iko ya kwenu!"

Mama aliacha kusonga bugali. Aliivua shingoni mwangu polepole, akatoka, akaitupa ziwani. Kisha akampelekea nyanya chakula, akapiga magoti kama kila siku.

Niliililia pete yangu hadi usingizi ukanichukua. Sasa najua pete kama zile walifungwa watumwa shingoni wakingoja kuvushwa ziwa, na mama alizaliwa na mmoja wao.

Kijana alikuwa bado anangoja jibu.

"Iko ya kwetu," nilimwambia.

Naye akacheka.