Viatu Mlangoni kwa Ardo

Ardo Jibril alikuwa hahesabu wanawe kwa kuwaita. Alitazama viatu. Nyumba yake, nyuma ya soko la mifugo la Burao, ina mlango mmoja, na kila aingiaye huvua nje. Akirudi kutoka sokoni anakouza maziwa ya ngamia, macho yake yalikwenda kwanza kizingitini, ndipo aliposalimia.

Miaka minne iliyopita viatu vilimdanganya. Hirsi, mwanawe mkubwa, aliondoka alfajiri kwenda tahriib, ile safari ya jangwani ya kuitafuta Ulaya, akaacha makubadhi yake mlangoni. Samatar, mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliulizwa kaka yake yuko wapi. Akajibu kwamba amelala, kwani viatu si vile pale? Mpaka adhuhuri Ardo alikuwa akiwakataza watoto wa jirani kupiga kelele. Hirsi alipiga simu mara mbili, ya mwisho kutoka Libya. Hajapiga tena.

Samatar alikaa na jibu lake lile bila kumwambia mtu, hadi alipomaliza shule ya sekondari. Mwaka huo Muktaar, mpiga picha za harusi, alikuwa akitengeneza filamu fupi kuhusu kijana anayeingia utu uzima. Alimchukua Samatar kwa sababu, alisema, huyu anajua kunyamaza. Filamu ilikaribia kwisha bila mwisho wa maana. Hapo ndipo Samatar alipomsimulia habari ya makubadhi.

Kesho yake asubuhi, Ardo akiwa sokoni, waliipiga sehemu hiyo kwenye mlango wake mwenyewe. Kijana anavua viatu, anavipanga sawasawa, anaondoka peku. Hakuna aliyefikiria kuomba ruhusa. Samatar alikuwa kwao.

Ilionyeshwa katika ukumbi wa vijana baada ya sala ya alasiri. Ardo alikaa mstari wa mbele pamoja na wauza maziwa wenzake. Alipouona mlango wake kwenye kitambaa cheupe, alimgusa jirani yake kwa kiwiko, akicheka. Alipoviona viatu, alisimama akatoka. Samatar alibaki kupewa mikono na watu asiowajua. Aliporudi nyumbani alikuta sanduku la bati limefungwa kwa kufuli. Ndani yake mlikuwa na makubadhi yake na cheti chake cha shule. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama yake.

Makubadhi angeyasamehe. Alishapata nafasi katika chuo cha uuguzi Hargeisa, na alitakiwa kufika mwenyewe na cheti halisi si zaidi ya Alhamisi ya wiki ya tatu tangu siku ile. Asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine.

Akaanza kutembea na ndara za plastiki za mjomba wake, kubwa kama sinia. Mjini, ambako jina la utani humshika mtu kuliko alilopewa na baba yake, alishapata jipya. Vijana wa kibanda cha chai walimwita Ulaya.

"Ulaya, umerudi lini?"

"Mwacheni, Wazungu wamemrudisha. Wameona miguu yake."

Alicheka nao. Kisha akaacha kwenda kunywa chai.

Wiki ya pili Mjomba Bulhan, dalali wa ngamia ambaye hashindwi bei, alikuja kumwombea. Alimweleza dada yake kwamba kuigiza ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba mtu hawi mwizi kwa kuigiza wizi.

"Hirsi hakuniaga," Ardo alimjibu. "Huyu ameniaga mbele ya watu mia mbili."

"Mama, naenda Hargeisa tu," Samatar alisema. "Ni saa chache kwa gari."

"Kaka yako naye alianzia Hargeisa."

Bulhan akapendekeza wasafiri wote, Ardo naye akione hicho chuo kwa macho yake. Ardo alimtazama kama aliyemtukana. Aliuliza Hirsi akija akute mlango umefungwa, atagonga kwa nani. Dalali akanywa chai yake iliyobaki, akaenda zake. Muktaar naye alikuja, akaahidi kupiga mwisho mwingine, kijana arudi nyumbani. Ardo alimpa maziwa, akamsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama kamera yake inaweza kumrudisha na yule wa kwanza.

Jumanne, siku mbili kabla ya mwisho, Ardo alilala mchana kwa homa. Kamba ya ufunguo ilikuwa imeteleza hadi kwenye mkeka. Samatar alikaa kando yake akimpepea. Mkono wake ulifika kwenye kamba. Gari la Hargeisa huondoka saa tisa, na ilikuwa saa nane na nusu. Alipomsimulia mjomba wake baadaye, Bulhan alimwuliza kilichomzuia.

"Ningeondoka hivyo, mjomba, ingekuwa mama ndiye aliyesema kweli, kwamba nilimuaga kwenye filamu."

Aliirudisha kamba shingoni mwa mama yake, akaendelea kupepea. Alhamisi ikapita.

Jumamosi asubuhi makubadhi yalikuwa mlangoni, yamepakwa mafuta. Cheti kilikuwa juu ya mto wake. Samatar aliyaona, lakini gari la maziwa lilishapiga honi barabarani, na miguu ilikuwa imezoea. Akavaa ndara za mjomba akaenda kupokea madumu.

Ardo alitoka jikoni, akatazama kizingiti, akaridhika. Akaita kuelekea chumbani kwamba chai inapoa. Hakujibiwa. Akaita tena, sauti ikiwa imebadilika.

"Nipo, mama," Samatar alijibu kutoka barabarani, dumu kila mkono. Kisha akaliweka moja chini, akasogea mpaka mama yake akamwona.

Siku hizi anauza maziwa naye. Ardo hatazami tena viatu. Anaita, na Samatar hujibu popote alipo, mara nyingi kabla jina halijaisha.