Siku ya Pili ya Maulidi, Dada Alipolala

Watu wakisimulia Maulidi husimulia dufu na kasida, na wageni waliotoka mpaka Vitengeni wakajaa barabara nzima. Mimi lililonikaa moyoni ni la siku ya pili yake, uani kwetu Malindi, wageni wamekwenda zao na sisi tumeachiwa masufuria.

Sisi ndio tuliokuwa wapishi. Pilau ya umma wote ule tuliipika kwa kuni, mimi na dada yangu mkubwa na wanawake wa mtaani, macho yakituchuruzika kwa moshi hadi nikaapa kwamba mwakani sipiki, hata nije kupigiwa magoti. Kila mwaka huapa hivyo.

Asubuhi wote wakaja kwetu kusugua masufuria kwa majivu na makumbi ya nazi. Na mwanamke wa kwetu akichoka mwili, ndipo mdomo unapopata nguvu. Ilikuwa vicheko na masengenyo, nani aliondoka na minofu ndani ya leso, nani alikuja kula tu. Ukoko tukaubandua tukaula na chai ya tangawizi.

Dada yangu hakucheka. Tangu kumzika mwanawe alikuwa halali. Mtoto alikuwa mtu wa bodaboda. Akirudi usiku hupiga honi getini, na mama yake huamka kumfungulia. Gari likamgonga njia ya Kilifi, akafa. Lakini mama hakuacha kuamka. Ipite pikipiki ya yeyote, yeye yuko getini, mkono kwenye komeo. Nilimsihi, nikamkaripia, hata funguo nikazificha. Akakaa chini pale pale mpaka adhana ya alfajiri. Alikonda mpaka nikaogopa kwamba nitamzika na yeye.

Basi asubuhi ile alijinyoosha mkekani, ati apumzishe mgongo kidogo, upawa bado mkononi. Nilipogeuka tena, kichwa kimelalia magunia matupu ya mchele, na anakoroma.

Niliinua kidole tu. Subhanallah! Sijapata kuona jambo kama lile. Ua mzima ulinyamaza. Wanawake wale wale ambao imamu huwaomba kimya kwa kipaza sauti asikipate, sasa walikuwa wakishikana wanne wanne kuinua sufuria moja, na kuitua chini kama wanalaza mtoto mchanga. Mmoja alivua bangili zake akazitia kifuani zisilie. Mwingine akamfunika dada leso yake mwenyewe. Nikasimama na kumbi langu mkononi, mwili unanisisimka kuliko ulivyonisisimka kwa kasida zote za jana. Machozi yakanitoka, na safari hii moshi haukuwapo.

Hapo tukasikia pikapu. Ilikuwa ije kuchukua masufuria yapelekwe arusini Marereni, nami kwa uchovu nilikuwa nimesahau kabisa. Nikatoka mbio miguu mitupu kumwahi dereva. Sikumwahi. Akapiga honi mbili, pale pale getini.

"Wewe baba!" nikamwambia kupitia mwanya wa geti, kwa sauti ya chini lakini yenye meno. "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Na wallahi nitakulaza mimi!"

"Mama, arusi yanisubiri," akasema maskini.

"Na isubiri!"

Nikageuka. Wanawake wote wamesimama kama walivyo, wanamtazama dada yangu. Alikuwa amefumbua macho, ameyaelekeza getini. Kiganja chake kikauegemea mkeka, kama cha mtu anayetaka kuinuka. Nikasema moyoni, basi tena, yamekwisha.

"Mfungulieni nyinyi," akasema.

Akageukia ubavu wa pili, akavuta leso mpaka masikioni, akalala.