Vioo vya Mwezini na Eda ya Mama

Baba alipofariki, nilikuwa nafundisha sayansi katika shule moja ya Kwale, na kila Ijumaa jioni nilishuka Msambweni kumtazama mama aliyekuwa akikaa eda. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mimi nami nilikuwa mbichi, mwalimu wa kike mwenye kujua mambo na kutaka kila mtu ajue kwamba najua.

Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nyeupe, hapaki wanja, hajitii manukato, wala hajitazami kwenye kioo. Miezi yenyewe ni ya mwandamo. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akitoka uani kuutazama mwezi mchanga, kisha akirudi chumbani kumwambia mama, "Umeandama, wifi."

Ijumaa moja nilifika na habari za redioni. Wamarekani waliotua mwezini walikuwa wameacha vioo huko, na sasa wataalamu huku duniani wanavirushia mwanga mkali wa leza, wanapima muda unaochukua kwenda na kurudi, na kwa muda huo wanajua mwezi uko mbali kiasi gani.

Mama hakuelewa. Nikatoa tochi na kijioo changu cha mkobani ili nimwonyeshe, naye akageuza uso ukutani upesi.

"Kiondoe hicho, mwanangu! Wataka kuniharibia eda?"

Shangazi alinitupia jicho ambalo sijalisahau. Nikaona haya, nikaenda jikoni kuleta sinia la shaba, nikalimulika kwa tochi hadi duara la mwanga likatokea ukutani.

"Sasa hao wataalamu wapima nini kila siku," mama akauliza, "na mwezi uko palepale?"

"Hauko palepale, mama. Wataalamu wasema mwezi watuondokea kidogo kidogo kila mwaka. Kwa mwanga huu watajua ni kidogo kiasi gani."

Mama akakaa vizuri kitandani. "Ukienda mbali, safari yake ya kutuzunguka si itakuwa ndefu?"

"Itakuwa ndefu."

"Basi na miezi itarefuka."

Sikulitarajia hilo. Darasa langu zima la Kwale halikuwahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikamjibu kwamba kwa hesabu ni kweli, ila ni kitu kidogo mno, hakuna binadamu awezaye kukihisi.

Tangu hapo, kila nikimwamkia shikamoo, huniitikia marahaba na papo hapo kuuliza, "Watu wa vioo wasemaje?" Mimi na shangazi tuliamini anaogopa kutoka eda kabla ya wakati na kumpunguzia marehemu haki yake. Shangazi akaenda kumuuliza maalimu wa msikitini, naye akasema mwezi ni ule unaoonekana kwa macho, hata uwe mbali vipi. Nilimpelekea mama jibu hilo mbiombio, nikidhani namtua mzigo. Alilipokea huku akiendelea kuvuta tasbihi yake, nami nikaudhika.

Siku ya kumtoa eda wanawake walijaa nyumbani. Maji ya kumkosha yalikuwa tayari, udi unafukizwa, kanga mpya zimetandazwa mkekani. Mama hakuinuka.

"Wifi, wakati umetimia," shangazi akambembeleza. "Haya, simama."

Mama akanitazama mimi. "Waambie, mwalimu. Waambie wewe uliyesoma. Si ulisema miezi yarefuka?"

Wanawake wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa nayatazama macho yake, na hapo nikaelewa. Hakuwa ameogopa kutoka mapema hata siku moja. Ndani ya chumba kile alikuwa bado ana jambo la kumfanyia mumewe, na akishavuka mlango lingekuwa limekwisha.

"Yarefuka, mama," nikasema. "Lakini ni kidogo sana."

"Hicho kidogo," akasema, "nipeni."

Shangazi akawapeleka wanawake wote uani. Tukaurudisha mlango, tukayaacha maji yapoe.